Goti la Chuma na Kilima cha Soni

Mwezi wa sita mwaka 2023, wiki ya 21 tangu nipasuliwe goti, niliikokota pikipiki yangu kutoka stoo hadi uani, nikaisimamisha kwa stendi, nikazunguka upande wa kushoto. Sikupanda. Nilisimama nikiutazama upana wa ile siti kama mtu aliyefika mtoni akakuta maji yamejaa. Mjukuu wangu alikuwa mlangoni na kikombe chake cha uji, ametulia, ananitazama miguu.

Kwa asiyeendesha, nieleze. Pikipiki hupandwa kutoka kushoto. Mguu wa kushoto unabaki chini umebeba mwili wote. Wa kulia unanyanyuliwa, unakunjwa, unavushwa juu ya siti. Ukishakaa, breki ya nyuma iko chini ya unyayo huohuo wa kulia. Na betri ikigoma, kiki, ule mkono wa kuwashia injini kwa kupiga kwa mguu, nayo iko upande wa kulia. Goti langu lililobadilishwa ni la kulia.

Nilipokuwa kitandani nilitafuta sana maandishi ya Kiswahili ya mtu aliyepitia haya akaeleza siku zinavyokwenda. Nilikuta maelezo ya upasuaji na shukrani za siku ya kutoka wodini. Habari ya wiki ya tano, saa nane za usiku, sikuiona popote. Ndiyo maana naandika.

Nilimaliza chuo cha kilimo Tengeru mwaka 1983 nikapangiwa wilaya ya Lushoto, bibi shamba. Miaka ile mradi wa kuhifadhi udongo, SECAP, ulikuwa umepamba moto milimani kwetu: makinga maji, majani ya guatemala kwenye kontua, ile mistari inayokata mteremko, miti kingoni mwa mashamba ili mvua isiteremshe rutuba yote bondeni. Kazi ilikuwa kwa wakulima, na wakulima wako juu, pasipofika gari. Nilifundishwa pikipiki kwenye uwanja wa mpira nikiwa na miaka 24. Ilikuwa Honda XL 125, siti yake imenizidi kimo. Nikisimama nagusa ardhi kwa ncha ya kiatu tu. Wazee wakamfuata baba kumwuliza kama ameridhia binti kukaa mkao ule. Baba akawajibu kwamba serikali imempa mtoto wake kazi, na kazi yenyewe iko Mtae, kule juu milimani.

Nimeendesha miaka 37, Bumbuli, Mlalo, Mtae, Magamba. Alfajiri ya mwezi wa saba pale Magamba ukungu unakaa juu ya tenki kama umande juu ya jani la kabichi, na XL haiwaki kwa kiki moja. Unapiga kumi, unapumzika, unapiga kumi tena. Sisemi kiki ndiyo iliyoliua goti. Daktari alinieleza kwamba sababu huwa nyingi na huenda pamoja: umri, uzito, kurithi, majeraha ya zamani. La mwisho hilo nilikuwa nalo, maana mwaka 1996 niliteleza kwenye utelezi wa Mlalo, pikipiki ikanilalia mguu, goti likavimba mwezi mzima. Nilifunga bandeji nikaendelea na kazi.

Maumivu ya kweli yalianza nikikaribia kustaafu. Asubuhi goti limekakamaa, nikitembea linasaga kama jiwe la kusagia mtama. Mtaani wote walisema ni baridi, na Lushoto baridi ipo, kwa hiyo nikaamini. Kituo cha kwanza nilichokwenda waliniandikia vidonge vya maumivu bila kupiga picha, wakaendelea kuniandikia, nami nikameza karibu miaka miwili, mpaka siku nilipoona choo cheusi. Hapo nikakimbizwa hospitali: tumbo linavuja damu kwa ajili ya vidonge vile. Hili nalisema kwa uchungu. Wako akina mama wengi vijijini wanaobeba diklofenaki kwenye pindo la kanga kama karanga, na hakuna aliyewaambia vinaweza kutoboa tumbo.

Picha ya eksirei ilipopigwa, hata mimi nisiye daktari niliona. Goti la kushoto lilikuwa na nafasi nyeusi katikati ya mifupa. Pale pana gegedu, ule mto laini unaofanya mfupa uteleze juu ya mwenzake. La kulia halikuwa na nafasi, mfupa umekalia mfupa. Daktari akaniambia, “Mama, baridi haili gegedu hivi. Hili limelika lenyewe, na halioti tena.”

Tulikwenda Dar es Salaam, kwa kiinua mgongo changu na michango ya wanangu, mwezi wa kwanza mwaka 2023. Nilichomwa ganzi ya mgongoni, kwa hiyo kuanzia kiunoni kwenda chini sikuwa na habari, lakini masikio yalikuwa yangu. Nilisikia msumeno, kisha nyundo. Kila nyundo ilipopiga kitanda kilitikisika na mimi nikatikisika nacho, bila maumivu hata chembe, na nikawaza mafundi seremala wanaopachika miguu ya meza. Baadaye daktari alinichorea walichofanya. Ncha ya mfupa wa paja hukatwa milimita chache ikavikwa kofia ya chuma cha kobalti na kromiamu. Juu ya mfupa wa muundi hulazwa sahani ya titani. Katikati huwekwa kipande cha plastiki ngumu ambacho ndicho sasa kinafanya kazi ya gegedu. Vyote hugandishwa kwa saruji ya mifupa, ambayo ni akriliki, jamaa ya ile wanayotumia mafundi wa meno ya bandia. Nikamwuliza litadumu miaka mingapi. Akasema rekodi za nchi zilizofuatilia wagonjwa muda mrefu, zilizochapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2019, zinaonyesha kama magoti 82 kati ya 100 bado yapo mahali pake baada ya miaka 25. Nikajumlisha na 63 yangu nikapata 88. Nikamwambia inatosha.

Kesho yake walinisimamisha. Sikutegemea. Nilidhani nitalala wiki nzima, kumbe damu ikilala nayo huganda, na donge likipanda mapafuni linaua. Ndiyo maana ya zile sindano za tumboni kila jioni, na soksi za kubana, na yule nesi aliyekuwa akinibonyeza shavu la mguu kila asubuhi akiuliza kama panauma.

Wiki tatu nilikaa kwa binti yangu, mtaa wa Tabata hukohuko Dar, mpaka pini za kidonda zikatolewa. Jambo la kwanza lililotushinda lilikuwa choo. Choo cha pale ni cha kuchuchumaa, na goti lililopasuliwa juzi halichuchumai. Hata sasa la kwangu halichuchumai, wala sitalilazimisha. Mkwe wangu alichukua kiti cha plastiki chenye mikono, akakikata tundu katikati kwa kisu kilichopashwa moto, akalainisha kingo kwa msasa, akakiweka juu ya tundu la choo. Chini akafunga mpira wa tairi kisiteleze. Mwenye mgonjwa wa goti nyumbani asisubiri: kiti hicho kiwe tayari kabla mgonjwa hajarudi.

Jambo la pili lilikuwa shangazi. Alisafiri kutoka Korogwe na mfuko wa majani na sufuria yake, aje anikande kwa maji ya moto kama alivyotukanda sote tulipojifungua. Kumkatalia shangazi aliyekulea ni kazi ngumu kuliko kukunja goti. Nilimwonyesha kidonda, nikamweleza kwamba uvimbe huu unataka baridi, na kwamba mdudu akiingia kwenye chuma hatoki, watafungua upya. Alinyamaza muda. Kisha akaenda dukani kwa jirani, akarudi na pakiti sita za barafu zile za watoto, za ubuyu, akazifunga ndani ya kitenge akaniwekea gotini. Kila jioni alikwenda kuzinunua mwenyewe mpaka siku anaondoka.

Sasa nije kwenye kosa langu, maana ndilo lililonifundisha.

Niliporudi nyumbani kwangu Soni, goti lilikuwa linauma zaidi likinyooshwa. Jirani mmoja mwenye huruma akaniwekea mto chini ya goti. Ah, raha niliyoipata! Likatulia papo hapo. Nikalala hivyo, nikashinda hivyo, wiki mbili. Mazoezi nilifanya nilipojisikia, na kwa kweli nilijisikia mara chache. Wiki ya tano nilipokwenda kliniki, dada wa mazoezi alilaza kipima pembe chake ubavuni mwa goti, akatazama, akakipima tena. Kukunja, nyuzi 75. Kunyoosha, halifiki chini. Limebaki limekunjika nyuzi 12. Akaniuliza, “Mama, unaweka mto?” Nikasema ndiyo. Akaketi kwenye stuli karibu yangu, akaniambia polepole kwamba mto ule unalifundisha goti kuzaliwa limepinda. Makovu ya ndani yanajenga sasa hivi, na yatajenga kwa umbo ninalolipa. Kukaa kitini vizuri kunataka nyuzi 90. Kuinuka kwenye kochi la chini kunataka zaidi ya 100. Nikiendelea hivi, watanirudisha Dar wanilaze usingizi walikunje kwa nguvu.

Nikamwambia nataka kuendesha pikipiki. Wengine wote waliposikia hilo walicheka au walishtuka. Yeye aliinamisha kichwa akafikiri, kisha akasema, “Basi tunahitaji 110, na paja lenye nguvu. Daktari amekupasua vizuri. Kukunja ni kwako.”

Mto niliutoa siku hiyohiyo. Mahali pake nikakunja kanga ikawa kibunda, nikaiweka chini ya kisigino, ili goti lining'inie hewani na uzito wake ulisukume lenyewe. Dakika kumi, mara tano kwa siku. Anayedhani kunyooka ni jambo dogo ajaribu. La kukunja nilikaa sakafuni mgongo ukutani, mfuko wa nailoni umevaa unyayo ili uteleze juu ya saruji, kanga nyingine imezunguka kisigino, nikauvuta mguu kuja kwangu. Unavuta mpaka pale unapojua kwamba hapa sasa ndipo. Unashikilia, unahesabu 30. Unaachia. Halafu unavuta tena, na safari hii unapita pale kidogo. Kwa chaki nilichora mstari sakafuni kisigino kilipofikia, na kila Jumamosi mjukuu wangu alichora mpya. Mistari ile bado ipo chumbani. Kati ya wiki ya sita na ya saba haijaachana hata upana wa kidole, na nakumbuka wiki ile nililia, mlango nimeufunga.

Vidonge nilimeza nusu saa kabla ya mazoezi, si baada ya maumivu kuja. Hilo nalo nilifundishwa kwa kuchelewa. Safari hii vilikuwa vingine, vilivyochaguliwa na daktari anayelijua tumbo langu.

Usiku ndio ulikuwa mrefu. Mchana unazungumza na watu, unachambua maharage, goti linakusahau. Saa nane za usiku hakuna mkao. Ukilala chali linavuta, ukilala ubavu linagongana na mwenzake. Nilikuwa naamka naketi kwenye ukingo wa kitanda, nafungua redio chinichini, nasikiliza marudio ya vipindi vya mchana mpaka adhana ya alfajiri. Mambo hayo yalikwenda mpaka karibu wiki ya tisa, kisha yakaisha bila kuaga. Ngozi ya upande wa nje wa kovu ilikufa ganzi, na mpaka leo ukiigusa ni kama unagusa juu ya kitambaa. Hilo ni la kawaida, vijineva vya ngozi hukatwa pamoja na ngozi. Na goti linapiga sauti, tak, nikigeuka ghafla: chuma na plastiki vinakutana. Mwanzoni lilinitisha.

Wiki ya tisa, kukunja nyuzi 93. Wiki ya 12, 104. Wiki ya 16, 112, na linanyooka mpaka chini.

Wanangu waliitisha kikao, wote wanne, wawili kwa simu. Kifungua mimba ndiye aliyesema kwa niaba yao, na alisema kwa adabu. Mama, bodaboda wamejaa pale chini, tutakulipia kila siku. Mama, ukianguka mfupa ukavunjika kandokando ya chuma, kuunga kwake si sawa na mfupa wa kawaida. Hilo ni kweli, daktari alinieleza vilevile, na sikutaka kulifanya dogo mbele yao. Nikawaambia ninachotaka. Nataka nikiitwa na mkulima mwenye mnyauko kwenye nyanya zake niamue mwenyewe saa ya kwenda na saa ya kurudi. Tangu nistaafu sijaacha kuitwa. Tukakubaliana masharti: sibebi abiria, sitoki usiku, sipiti vumbi wala tope mpaka mwaka upite, na kiki siigusi. Binti yangu akaongeza kinga za magoti, akazileta mwenyewe kutoka Kariakoo.

Pikipiki yangu ya sasa ni Boxer niliyonunua mwaka 2019, yenye kuwaka kwa kitufe. Niliipeleka kwa fundi. Akapunguza sponji ya siti, nyayo zangu zote mbili zikafika chini bapa. Akang'oa keria ya nyuma, ile ya kufungia mizigo, maana ndiyo iliyokuwa inanilazimu kunyanyua mguu juu zaidi. Akashusha kidogo kikanyagio cha breki ili kifundo kisikunjwe kupita kiasi. Kisha kwa siku kumi nikafanya jambo moja tu: pikipiki imezimwa, iko kwenye stendi ya kati, nimeikalia uani, na mjukuu wangu amesimama mbele. Akipiga kofi, nakanyaga breki. Mara 20 asubuhi, mara 20 jioni. Daktari alinipa kipimo, kwamba siku mguu utakapokanyaga bila kujiuliza na bila kuogopa maumivu, ndiyo siku hiyo, na isiwe chini ya miezi mitatu. Kwangu ilichukua karibu mitano.

Basi asubuhi ile uani, baada ya kusimama sana, nilikumbuka alivyonishauri dada wa mazoezi. Nikaishusha stendi ya pembeni, nikaiinamisha pikipiki kuja kwangu, nikashika breki ya mkono, na badala ya kuurusha mguu nyuma kama zamani nikaupitisha polepole mbele ya siti, juu ya tenki, nikiusaidia kwa mkono chini ya paja. Ukapita. Nikakaa. Mjukuu wangu akaweka kikombe chini.

Siku tatu za kwanza niliishia uwanja wa mpira, ni uleule. Ya nne nikashika lami.

Barabara ya Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 33, na Soni iko karibu na kati yake. Kutoka kwetu kwenda Lushoto ni kupanda na kona, mlima upande mmoja na bonde upande mwingine. Ukungu ulikuwa umeanza kuachia. Nilikwenda gia ya tatu, sina haraka, nikisikia hewa ya mikaratusi ikiingia ndani ya helmeti, harufu ambayo nilikuwa sijaipata hivyo kwa mwaka na nusu, kwa sababu ndani ya gari haifiki. Baada ya kona ya tatu, Noah iliyokuwa mbele yangu ikasimama ghafla kushusha mama mwenye tenga. Sikufikiri. Mguu ulikuwa umeshakanyaga, mkono umeshabana, tairi ya nyuma ikalia kidogo, pikipiki ikasimama hatua mbili nyuma ya bampa. Nilipokea kwanza mapigo ya moyo, halafu nikasubiri maumivu ya goti. Hayakuja.

Pale tulipokuwa ni mteremko mkali. Mguu wa kushoto chini, wa kulia juu ya breki, pikipiki inataka kurudi nyuma, nami naizuia kwa lile paja ambalo mwezi wa pili halikuweza kunyanyua kisigino kutoka kwenye shuka. Lori la kabichi likapita likishuka. Noah ikaondoka. Nikaachia klachi taratibu mpaka nikasikia mnyororo umevuta, ndipo nikainua unyayo kwenye breki.

Mkulima niliyemfuata ana nusu ekari ya nyanya juu kidogo ya barabara. Sikuweza kupiga magoti kwenye matuta kama zamani. Kupiga goti kunaruhusiwa lakini panakuwa na hisia ngeni, kama umepigia goti la mtu mwingine. Alinipa ndoo nikakaa, akaning'olea mche mmoja, nikaupasua shina kwa wembe, nikauning'iniza kwenye glasi ya maji. Uzi mweupe ukaanza kushuka kutoka kwenye shina kama moshi. Ni mnyauko wa bakteria. Tukazungumza ang'oe ipi, achome wapi, na msimu ujao pale apande mahindi.

Nilirudi nyumbani saa saba. Jioni goti lilikuwa la moto na limevimba kuzidi siku zote za mwezi ule, nikaliinua juu ya mito, mto chini ya kisigino, na mjukuu wangu akakimbia kununua barafu za ubuyu. Asubuhi uvimbe ulikuwa umeshuka. Nikampigia fundi, nikamwambia breki ya mguu inashika mapema mno, aje ailegeze nati nusu mzunguko.